Isilale Tupu

Mashine ya Mama Kija ilikuwa na sauti ya mtu aliyelala usingizi mzuri. Ilivuta, ikatulia, ikashusha; ilivuta, ikatulia, ikashusha. Mchana, Mzee Mihayo alipokaa barazani juu ya mawe ya Igogo, Mwanza, sauti hiyo ilimfikia kupitia dirisha la chumbani, na baada ya muda hakujua tena ni mashine inayopumua, ni mkewe, au ni ziwa lenyewe lililotandazwa kule chini kama shuka la kuanikwa. Macho yakianza kulegea, nyumba nayo ililegea. Ilichomoka taratibu kwenye mawe, ikateleza juu ya mabati ya majirani, ikaingia majini bila kumwaga hata chai iliyokuwa kikombeni.

Hakuwa mtu wa kushangazwa na nyumba inayoelea. Nguvu zake zote alizimalizia jikoni mwa meli za ziwani, akipika wali na samaki kwa abiria wa Bukoba na visiwa, na mpishi wa meli huzoea kulala huku kitanda chake kikisafiri. Kilichomshangaza uzeeni ni kwamba sasa aliyesafiri ni mkewe, na safari yenyewe ilikuwa ya pumzi moja hadi nyingine.

Mkewe, Modesta, miaka yote hiyo alibaki nchi kavu. Alikausha sangara na sato kwa moshi, akauza hadi Shinyanga. "Samaki nimeuza," alikuwa akisema, "moshi nimebaki nao." Alisema kwa utani, na utani ule ukawa kweli. Daktari alipoitazama picha ya kifua chake alitikisa kichwa, akasema mama huyu atahitaji mashine ya oksijeni nyumbani, na asikae mbali nayo kwa muda mrefu. Binti yao Kija, mwalimu kule Kahama, akahangaika mpaka akaipata. Ilikuwa kama ndoo kubwa yenye magurudumu. Ilichuja hewa ya chumbani, ikampelekea mama kupitia mrija mwembamba uliokaa puani.

Lakini iliishi kwa umeme. Umeme ukikatika ilitoa mlio mrefu wa kulalamika, kisha ikanyamaza, na midomo ya Modesta ikaanza kugeuka rangi ya zambarau. Kwa ajili ya nyakati hizo hospitali iliwaazima mtungi mdogo wa oksijeni, mzito kama mtoto asiyetaka kubebwa. Mihayo hakuupenda mtungi ule. Ulikuwa na kioo chenye mshale, na mshale ulishuka huku anautazama. Mume gani apendezwe kuona pumzi za mkewe zikishuka kwa mshale? Akaamua kutafuta betri, ile kubwa ya kubeba, inayohifadhi umeme ndani yake, ili siku umeme ukikatika mashine isijue kabisa kwamba kuna kitu kimetokea.

Alianzia Mkuyuni sokoni. Kijana mmoja alikuwa amepanga pawabenki za simu juu ya meza, na katikati yao boksi moja kubwa linalong'aa kama jino la dhahabu.

"Mzee, usihangaike, hii hapa ndiyo baba lao! Inawasha hata friji. Soma namba hiyo: laki moja!"

Mihayo alilipokea boksi, akalipima kiganjani kama alivyozoea kupima mchele bila mizani. Lilikuwa jepesi kama muhogo mkavu.

"Laki moja ya nini?"

"Ya moto, mzee wangu!"

"Moto wa laki moja, na uzito wa maandazi mawili?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Kijana hakukubali kushindwa. "Babu, unanunua umeme au unanunua mawe? Maana mawe yamejaa huko kwenu Igogo, nenda kachomeke mashine jiweni!"

Wakacheka zaidi, na Mihayo akacheka nao, ila boksi akalirudisha mezani.

Akaenda mjini, dukani kwa Sheetal. Duka lile lilikuwa la ukoo. Babu yake Sheetal aliuza taa za kandili, baba yake, Vipul, aliuza redio, na Sheetal sasa aliuza sola, inveta na betri. Kwa hiyo watu wa rika la Mihayo walisema kwamba familia ile imekuwa ikiuza mwanga tangu Mwanza ina barabara moja. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka betri ya kubeba. Mama yako ana mashine ya oksijeni, na umeme unatutania."

Sheetal hakumwonyesha kitu chochote. Alivaa miwani, akauliza, "Mashine ya mama inakula kiasi gani?"

"Inakula?"

"Kila mashine inakula, mzee. Nyuma yake kuna kibandiko, kimeandikwa wati. Nenda kanisomee, ndipo uje uniulize betri. La sivyo nitakuuzia kitu kizuri kisichokufaa."

Mtu mwingine angekasirika. Mihayo alifurahi. Hayo ndiyo maneno aliyowaambia wasaidizi wake wa jikoni maisha yake yote: mpishi hachagui sufuria kabla ya kujua midomo. Alipanda tena Igogo, akapiga magoti nyuma ya mashine, akasoma, akaandika namba kiganjani kwa kalamu, akarudi mjini akiwa amekikunja kiganja kama aliyeshika kifaranga.

Sheetal alimfungulia ngumi ile juu ya kaunta, akasoma. "Haya. Sasa tunaongea. Hizi pawabenki za simu ni vibakuli. Mama anahitaji sufuria ya harusi." Akamtolea betri yenye mpini juu na tundu za kuchomekea mbele, nyeusi, nzito ya kuridhisha. "Usiangalie namba kubwa ya rangi rangi. Angalia hii ndogo ya wati-saa. Hii ndiyo inakwambia italisha wati ngapi kwa saa ngapi. Na usiiamini yote. Umeme ukitoka humu kwenda kwenye mashine, kiasi kinapotea njiani."

"Ukoko," alisema Mihayo.

"Nini?"

"Wali unaoganda chini ya sufuria. Umepika, umeiva, lakini hauliwi."

Sheetal alicheka hadi miwani ikaanguka kifuani. "Ukoko! Miaka yote natafuta neno hilo. Basi toa ukoko, kinachobaki kinamvusha mama kwa muda wa kwenda kanisani, kusikiliza mahubiri marefu, na kurudi. Na ndani yake ni lithiamu ya ile aina tulivu, haishiki joto upesi, inaishi miaka mingi ukiitunza."

Waliijaribu palepale kwa feni. Wakati Sheetal anaifunga kwenye boksi duka lilikuwa limejaa. Mmoja anataka waya, mwingine anadai swichi aliyouziwa haiwaki, na simu inaita. Mihayo alikwisha fika mlangoni, boksi begani, Sheetal alipokumbuka jambo akapaza sauti juu ya vichwa vya watu:

"Na mzee! Muhimu kuliko yote: isilale tupu!"

"Haitalala tupu!" Mihayo alimjibu, akainua mkono, akatoka kwenye jua.

Siku hiyohiyo waliichomekea mashine, na betri ikaibeba muda wote wa chakula cha mchana bila kutetereka. Ilikuwa na kioo kidogo chenye vimstari vya kijani, na walipoizima kilikuwa kimebaki kimoja, chembamba kama ukucha. Modesta aliishika ubavuni kama anayempima mtoto homa.

"Amesema itunzwe vipi, Baba Kija?"

"Amesema neno moja tu. Isilale tupu."

Uso wa Modesta ukang'aa. "Umeona? Huyo Sheetal kalelewa na mama. Siku hizi watu wanauza vitu bila heshima."

Wala hakuna aliyeona ajabu. Katika nyumba ile hakuna kitu kilicholala tupu. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, redio ilikuwa na chake chenye marinda, meza ilikuwa na chake na juu ya hicho nailoni, hata chupa ya chai ilikuwa na kiskafu. Vyote vilikuwa kazi ya mikono ya Modesta kabla pumzi haijamwishia. Na Mihayo mwenyewe, mtoto wa Magu, alikuwa amelelewa na mama aliyezunguka nyumba kila jioni akihakikisha kila chombo kimefunikwa, kwa sababu chombo kikilala wazi kitaingiwa na kitu. Kitu kitakacholala tupu ni kitu kitakacholala bila nguo. Maneno mengine yana haja gani ya kufafanuliwa?

Mihayo alitaka kuichomeka betri kidogo ili vimstari virudi. Modesta akamzuia. "Niache nichukue vipimo kwanza. Halafu hiki ni kitu cha akiba. Cha akiba hakiguswiguswi."

Alikuwa hajashika sindano ya kufumia tangu augue. Sasa aliagiza uzi wa buluu, rangi ya ziwa la asubuhi, na mweupe wa kingo. Alikaa kitandani na mrija wake puani, mashine ikivuta na kutulia, na vidole vyake vikafuata mwendo ule ule: kuvuta, kutulia, kushusha. Mihayo alileta kiti akae amtazame. Wiki zikapita namna hiyo, na wala hakujua zilipitaje. Vazi lilikua juu ya magoti ya mkewe kama povu linalokusanyika ufukweni. Lilikuwa na tundu la kutolea mpini, vifungo vya mfupa upande mmoja, na chini marinda ya mawimbi. Mwanamke aliyekuwa amekata tamaa ya mikono yake akaanza tena kuitazama kwa majivuno.

Walipoivisha betri, lilikaa kama ngozi. Betri iliwekwa kabatini, kati ya vikombe vya wageni na picha ya Kija ya mahafali. Mtungi wa hospitali ukarudishwa. Wako wengine wanaouhitaji, Mihayo alisema, sisi tumejitosheleza. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. Nathaniel, jirani wa mwamba wa chini, fundi wa kuchomelea milango, alisimama mbele ya kabati akashika kiuno.

"Mzee, sasa hii ni betri au bibi harusi?"

"Ni akiba."

"Mimi mwenyewe sina koti zuri hivyo. Siku ya kuniaga mnivishe hilo."

"Wewe utafumiwa gunia," Modesta alimjibu kutoka kitandani, na wote wakacheka, hata mashine ilionekana kucheka.

Masika yakapita, kiangazi kikaja, na umeme, kama kwa heshima ya betri ile, haukukatika ila kwa dakika chache chache ambazo Modesta alizivumilia mwenyewe. Hakuna aliyeifungua vifungo.

Ni kipindi hicho ambapo Mihayo alianza kumwota mama yake. Ndoto ilikuja mchana, pale barazani. Mama alikuwa uani Magu, mbele ya mtungi wa maji. Aliufunika kwa kawa, akampa tabasamu, kisha akalitoa kawa, akauinua mtungi kwa mikono miwili na kuutikisa karibu na sikio lake. Akamtazama mwanawe kama anayesubiri jibu. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mashine tu: ikavuta, ikatulia, ikashusha. Mihayo aliamka kila mara akiwa na kiu.

"Mayu kanijia tena," alimwambia Modesta, akimtaja mama yake kwa Kisukuma. "Anatikisa mtungi."

"Labda anataka umpelekee maji kaburini."

Alipeleka. Alisafiri hadi Magu, akamwagia maji kaburi la mama yake, akarudi. Ndoto haikukoma.

Mvua za vuli zilianza kwa wadudu. Asubuhi moja waliinuka kutoka ziwani kwa wingi wao, nguzo za moshi wa kijivu zikitembea juu ya maji, polepole, kama watu warefu wanaokwenda msibani. Alasiri upepo uliwasambaratisha, wingu likaja likiwa jeusi toka upande wa visiwa, na ghafla mabati yote ya Igogo yakaanza kuimba. Radi ilipiga mahali karibu. Taa ikazimika. Mashine ikatoa mlio wake mrefu, ikanyamaza.

Mihayo hakuwa na hofu. Tuseme kweli: alikuwa ameisubiri siku hiyo kama kijana anavyosubiri sikukuu. Alifungua kabati, akambeba bibi harusi wake kwa mikono miwili, akafungua vifungo vya mfupa kimoja baada ya kingine, akachomeka waya, akabonyeza.

Kioo kikawaka. Kile kimstari kimoja hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na sifuri nyekundu iliyopepesa mara chache kama jicho la mgonjwa, betri ikalia kwa sauti nyembamba, kisha kioo kikawa cheusi.

Alibonyeza tena. Akabonyeza kwa muda mrefu. Akaitikisa. Akaisugua kwa khanga. Mkono wake ulikwishaushika mpini kuipeleka juani, maana betri za redio zikiishiwa nguvu huanikwa juani zikarudi kidogo. Alifika mlangoni ndipo akaona hakuna jua, kuna maji tu yanayoporomoka juu ya mawe.

"Baba Kija," Modesta aliita. Sauti ilikuwa tayari imepungua.

Mihayo akachukua simu. Hakumpigia Kija, maana Kahama ni mbali na kilio cha mbali hakisaidii. Alipiga dukani.

"Sheetal, mwanangu, betri imekufa. Mama yako hana pumzi."

Mvua ilisikika pande zote mbili za simu. "Nakuja na ya dukani. Mkalishe, asilale chali. Mzee, unanisikia? Mkalishe."

Alimkalisha. Alimwekea mito mgongoni, akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Midomo ya Modesta ilikuwa imeshaanza kuchukua ile rangi. Macho yake yalikuwa makubwa, na kifua kilikuwa kinakimbia bila kufika popote.

"Unakumbuka alichotufundisha nesi," Mihayo alisema. "Vuta kwa pua, kisha bana midomo, puliza taratibu kama unayepoza uji."

Modesta alitikisa kichwa, hawezi.

"Basi acha uji. Puliza moto. Wewe ndiye uliyewasha moto siku za mvua Igogo nzima. Kuni mbichi hizi, Mama Kija. Usizikimbize. Puliza."

Alipuliza yeye kwanza. Modesta akamtazama, akabana midomo, akapuliza. Pamoja wakavuta, pamoja wakapuliza, wazee wawili wameinamiana wakipuliza moto ambao haukuwepo, pumzi ya mmoja ikimpiga mwenzake usoni. Hivyo ndivyo walivyokutana zamani, yeye amekuja kununua samaki wa meli, na binti mmoja ameinama jikoni, macho yanamtoka machozi ya moshi, anapuliza. Mihayo aliuona moto ule. Hakuota, na hakuwa macho kamili pia. Mvua iliziba dirisha, chumba kikawa na giza la buluu, na nyumba, ambayo siku zote iliondoka yeye akisinzia, safari hii iliondoka yeye akiwa ameshika mikono ya mkewe.

"Tumeng'oa nanga," alimwambia. "Vuta. Jiwe la Bismarck limebaki nyuma. Puliza. Mwanza hiyo, unaona taa zake? Vuta."

Akapuliza.

"Sasa tuko nje. Maji yametulia huku. Mpishi anatia chumvi. Puliza."

"Tumefika... wapi?" Modesta aliuliza kati ya pumzi mbili.

"Visiwani. Usiongee. Vuta."

Akamvusha kisiwa kwa kisiwa. Vile alivyovijua majina alivitaja. Vilipomwishia alivibuni, akawapa watu wake wali wa nazi na ndizi. Midomo ya Modesta haikurudi rangi, lakini haikuongezeka weusi. Kichwa chake kilianza kuwa kizito na kumwangukia mumewe begani. Mihayo akapuliza karibu na sikio lake, ili hata kama haoni aisikie. Alipokuwa anamwambia kwamba milima ya Bukoba inaonekana, na sauti yake mwenyewe ikimkatika, mlango ulisukumwa.

Aliyeingia kwanza ni Nathaniel, amelowa chapachapa, amekumbatia betri iliyofungwa mfuko wa nailoni kama aliyeokoa mtoto mtoni. Nyuma yake alikuja Sheetal, aliyemkuta kule chini na kumwomba amwongoze, viatu mkononi, matope hadi magotini, maana gari lake lisingeweza kupanda mawe. Hakusalimia. Alichomeka waya, akabonyeza, na chumbani kukarudi ile sauti: ikavuta, ikatulia, ikashusha.

Wote wanne walisikiliza kama watu wanaosikiliza wimbo wa taifa. Modesta alilala juu ya bega la mumewe, na polepole, kama alfajiri inavyojiandaa upande wa Bunda, midomo yake ikarudi kuwa midomo.

Ndipo Sheetal aliposalimia. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee." Akaigeukia ile betri iliyokufa juu ya kiti. "Ilichajiwa lini mara ya mwisho?"

"Dukani kwako," alisema Mihayo.

"Dukani kwangu! Mzee, tangu kabla ya masika? Si nilikwambia isilale tupu!"

Mihayo alisimama. Heshima yake yote ilisimama naye. "Na haikulala tupu, mwanangu! Hata siku moja! Angalia!" Akaliokota vazi la buluu sakafuni, akalinyoosha mbele yake kwa mikono miwili, marinda ya mawimbi, vifungo vya mfupa, tundu la mpini. "Hii hapa nguo yake! Mama yako kaifuma kwa mkono!"

Sheetal alilitazama vazi. Akalitazama kabati, makochi, redio yenye marinda, chupa ya chai yenye skafu.

"Tupu," alisema polepole. "Mungu wangu. Tupu."

"Sasa tupu si tupu?"

"Tupu ya ndani, mzee! Tumbo tupu! Isilale na njaa!"

Nathaniel ndiye aliyeanza. Alijiziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika, akatoka nje kwenye mvua ili acheke kwa adabu, na kicheko chake kikasikika kikigonga mwamba kwa mwamba. Sheetal alijitahidi, akashindwa, akakaa chini sakafuni na matope yake, anacheka na kufuta machozi, na haikujulikana machozi yapi ni ya nini.

Mihayo hakucheka. Alikuwa amesimama na lile vazi, anamwona mama yake. Ameufunika mtungi kwa kawa. Amelitoa. Ameuinua mtungi, anautikisa sikioni.

Modesta alifumbua macho. "Mama mkwe," alisema taratibu, kwa nguvu za mrija, "siku ya kwanza nilipoingia kwake alinipa amri mbili. Mtungi usilale wazi. Na mtungi usilale mtupu, mgeni anaweza kuja usiku na kiu." Akapumua. "Moja tumeishika. Moja tumeiacha uani."

"Wabeja, mayu," Mihayo alishukuru kwa Kisukuma, na haikuwa wazi kama amemwambia mkewe au yule wa Magu. Ndipo akacheka naye, kicheko kidogo, cha mtu aliyekuwa karibu kupoteza kila kitu kwa neno moja.

Sheetal aliwaachia betri ya dukani na akaondoka na ile yao. Aliilisha kidogo kidogo, kama anavyolishwa mtu aliyefunga muda mrefu, na siku aliyoirudisha alisema kweli: haitarudi kuwa ilivyokuwa. Betri ikilala na njaa miezi mingi inazeeka kabla ya siku zake. Lakini itafanya kazi. Aliwaeleza taratibu safari hii, akiwa amekaa, na kikombe cha chai mkononi. Isilale na njaa, na ikikaa muda mrefu bila kazi isilale imevimbiwa pia. Iachwe na shibe ya kiasi. Mvua zikikaribia ishibishwe kabisa. Isiwekwe juani wala karibu na jiko. Mara moja kwa mwezi itolewe, ifanye kazi, ilishwe tena. Na hizi tundu za ubavuni ni pua zake. Inapofanya kazi au inapokula isifunikwe.

"Na nguo?" aliuliza Modesta, na katika swali hilo dogo kulikuwa na wiki zote zile za uzi.

Sheetal alilishika vazi, akalipitisha vidoleni. "Ikimaliza kula, ikapoa, ivae. Vumbi la Igogo nalo ni adui. Ila, mama, unifumie na mimi moja, ya dukani. Wateja wangu hawasikii nikiongea. Nitawaonyesha."

Modesta alifumua ubavu wa lile vazi akaufuma upya kwa matundu makubwa ya maua, pua zake zipate hewa. Mihayo aliurudia mtungi hospitali, akaomba tena kuazimwa, safari hii hakuuchukia mshale. Ulikuwa mshale mkweli. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, wakitoka kula, betri ilivuliwa, ikabeba mashine mpaka alasiri, kisha ikachomekwa ukutani. Mihayo aliisimamia kama alivyosimamia masufuria yake, akiangalia vimstari vya kijani vikipanda.

Mvua kubwa nyingine ilikuja siku ambayo hakuna aliyeifikiria. Mihayo alikuwa barazani, chai inapoa, macho yamelegea. Alisikia mabati yakianza kuimba, akasikia redio ya Nathaniel kule chini ikikatika katikati ya neno. Akasubiri ule mlio mrefu. Badala yake, kule chumbani, mkewe alikwishanyoosha mkono, akahamisha waya kwenye betri, na kukasikika mbofyo mdogo kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu. Kisha mashine ikavuta. Ikatulia. Ikashusha.

Nyumba ikachomoka kwenye mawe. Ikateleza juu ya mabati, ikaingia majini. Mama yake alikuwa amekaa mbele kabisa ya chombo, kawa mapajani, hatikisi chochote.

"Baba Kija," sauti ilitoka dirishani, nyepesi, ya mtu anayekaribia kusinzia. "Tumefika wapi?"

"Bado kabisa," alijibu Mihayo bila kufumbua macho. "Lala. Kuna shibe ya kutosha."